Rubani wa Mikoa Sita

Nyumbani, 3 Machi 2025

Dainess mwanangu,

Marahaba, maana najua umeshaniamkia hata kabla ya kuchana bahasha. Mimi mzima. Goti la kushoto linanung'unika kama kawaida yake, na nyumba imekuwa kubwa mno tangu uondoke. Barua hii anakuletea Abdulsalam, yule mfanyabiashara wa vyombo anayekuja huko Guangzhou kila baada ya wiki mbili. Utasema mama amezeeka, anaandika kwa kalamu wakati simu ipo. Si uzee. Makamanda wa polisi wa mikoa sita tumekubaliana kwamba kazi tuliyo nayo isitajwe kwenye simu, na katibu wa kikao ni mimi. Nikivunja mimi, nani atashika?

Kazi yenyewe ni hii. Tangu Novemba kuna majambazi wanaosimamisha magari barabarani wakiwa wamevaa sare zetu. Si sare za maigizo, Dainess. Ni kaki ileile na mshono uleule. Dereva anaona askari, anapunguza mwendo, anashusha kioo mwenyewe. Januari walimpiga risasi utingo wa lori, eti kwa nini ameuliza kitambulisho. Sasa wananchi wanawaogopa askari wa kweli. Juzi basi zima lilikataa kusimama kwenye kizuizi changu, likapita likitetemeka, na vijana wangu wakainua bunduki. Hawakufyatua. Lakini siku watakayofyatua naiogopa kuliko ninavyowaogopa majambazi.

Aibu yetu ni kwamba kwa miezi mitatu kila mkoa ulikuwa na jalada lake na umelilalia kama kuku anayeatamia. Afande Chacha wa mkoa jirani alikuwa na namba ya gari, mimi nilikuwa na shahidi, mwingine alikuwa na vifungo vilivyookotwa, na hakuna aliyemwambia mwenzake. Tulipokaa meza moja mambo yakaanza kuonekana. Kwenye simu ya jambazi mmoja aliyeuawa umekutwa ujumbe wa sauti kuhusu kitambaa, uliokuwa umeshapita mikononi mwa watu wengi, na ndani yake anatajwa mtu anayeitwa Rubani. Mimi sijausikia, nimesoma tu alivyoandika karani wa Afande Chacha. Tunadhani ni rubani kweli anayepitisha mizigo, au ni jina la mtaani. Mikoa yote sita inamsaka.

Tunaandaa pia mapendekezo ya pamoja ya sheria. Yataenda makao makuu, kisha kamati ya Bunge. Sheria ya sasa inamshika aliyevaa. Sisi tunamtaka na aliyeshona, na aliyeagiza, "na yeyote aliyesaidia kwa mkono, kwa mdomo au kwa simu." Maneno hayo ni yangu. Afande Chacha alipiga meza akasema huyu mama amekosea njia, alipaswa kuwa wakili.

Sasa wewe unayesoma mambo ya utawala, hebu niulizie: huko wanadhibiti vipi ushonaji wa sare? Na haya yote yabaki kwako.

Mama yako,
Clementina


Guangzhou, 13 Machi 2025

Mama mpendwa,

Shikamoo, na goti nalo nalipa pole. Barua nimeipokea kwa Abdulsalam pale Xiaobei, kwenye lile jengo la maduka ya jumla ambako ukisema Kiswahili kwenye lifti wanageuka watu watano. Nimeisoma nikiwa nimesimama. Habari za huyo utingo zimenikaa kifuani.

Nimemuuliza mwalimu wangu. Anasema hapa sare za polisi zinashonwa na viwanda vilivyoruhusiwa tu, na mwingine akigusa anaingia matatani. Lakini hizo ni sare zao. Sare ya nchi nyingine fundi haijui. Kwake ni shati na suruali, anahesabu mifuko na vifungo basi. Nafikiri shimo liko hapo, Mama. Huwezi kumlaumu mtu ambaye hakujua anashona nini.

Huyo Rubani amenichekesha kidogo. Rubani gani ana nafasi ya kuzunguka akitafuta kitambaa? Nadhani mtagundua ni kijana wa mtaani tu.

Mimi naendelea vizuri. Darasani, maktabani, chumbani, basi. Mvua haikatiki na kuta zinatoa jasho. Nguo hazikauki hata siku nne.

Mama, hizo sare za majambazi mfuko wake wa kushoto ukoje? Una mkunjo katikati? Nauliza kwa ajili ya mwalimu.

Mwanao,
Dainess


Nyumbani, 27 Machi 2025

Dainess,

Mkunjo upo.

Rubani amekamatwa. Ni dereva wa lori, anaitwa Wilbard, na kwenye paji la lori lake ameandika kwa rangi nyekundu RUBANI WA NCHI KAVU. Tulimkuta anakula wali kwenye kibanda. Aliposikia anaitwa Rubani akaitika, tena kwa tabasamu, akidhani ni mteja. Hana rekodi yoyote ya uhalifu. Anasema kitambaa pekee anachokijua ni turubai. Wenzangu wanasema hivyo ndivyo wanavyosema wote.

Jana tulikaa kikao, makamanda wote sita, na ule ujumbe wa sauti ukachezwa kwa mara ya kwanza mbele ya wote. Ulichezwa mara tatu. Mimi ndiye niliyekuwa naandika muhtasari. Mara ya tatu kalamu yangu iliacha kuandika, nikawaambia wino umekatika.

Ni sauti ya binti. Afande Chacha anasema huyo ni msichana wa Pwani, ukimsikia tu unajua. Katibu hana kura, sikusema kitu.

Kuna maneno ya Kichina ndani yake ambayo hatuna wa kutufasiria. Nakunakilia alivyoandika karani, ambaye kwake r na l ni mapacha:

"Sauti ya mwanamke: Rubani, Rubani! Taikuila, taikuila! (Mashine zinalia.) Kaka, Rubani anasema kaki hii meya, labda ile iliyokoza. Nimemwonyesha picha. Anasema wiki mbili."

Kwa sababu ya hilo neno meya, Afande Chacha anataka tumhoji meya wa manispaa yake, ambaye tangu zamani haivi naye chungu kimoja.

Nieleze hayo maneno ya Kichina yana maana gani. Nieleze hayo tu, usiongeze.

Unakula? Unavaa nini kwenye hiyo mvua? Unatembea na nani?

Mama


Guangzhou, 6 Aprili 2025

Mama,

Shikamoo. Taikuila ni ghali mno. Wafanyabiashara wote wanalisema wakitaka kupunguziwa bei. Mengine sikuyaelewa, huenda karani ameandika vibaya.

Kuhusu Rubani, sijui.

Nakula vizuri. Natembea peke yangu. Siku hizi mlangoni mwa treni ya chini ya ardhi pale Xiaobei wanakagua pasipoti, na kila ninapotoa yangu naiangusha, sijui kwa nini. Askari mmoja ameniuliza kwa upole kama naumwa.

Huyo Wilbard ana watoto?

Dainess


Nyumbani, 15 Aprili 2025

Dainess,

Ana watoto watatu. Mkewe nimemfahamu kwa sababu kila asubuhi anasimama kwenye geti langu na bakuli la uji, na kila asubuhi askari wa zamu anamwambia mumewe amehamishwa. Na ni kweli amehamishwa.

Nitakueleza jinsi tunavyofanya, maana utaratibu huo niliuandika mimi na wenzangu wakanipigia makofi. Mtuhumiwa ni mmoja, mikoa ni sita, kila mkoa una kesi yake. Badala ya kugombana, kila kamanda anampata kwa siku nne, anamhoji kuhusu tukio lake, anamkabidhi kwa mwenzake na karatasi. Kwenye karatasi inapendeza sana. Leo Wilbard yuko mkoa wa tano. Kila anakofika wanaanza upya: Rubani, yule binti ni nani? Anasema hamjui. Wanamwambia, mkoa uliopita wamesema sisi ndio utakaotuambia. Mtu ana ugonjwa wa sukari, Dainess, na dawa zake zimebaki mkoa wa pili kwa sababu kwenye fomu yangu hakuna mstari wa dawa. Niliziulizia jana kwa barua rasmi. Sijajibiwa.

Nimekuwa mwoga. Nimevaa sare hii miaka ishirini na tisa, nimeingia vyumba vyenye watu wenye mapanga, na sijawahi kuwa mwoga kama mwezi huu. Simu ikilia nashtuka. Afande Chacha akicheka nadhani ananicheka mimi. Jumapili kanisani, kwaya ilipoanza kuimba nilitoka nje, kwa sababu kulikuwa na sauti moja ya msichana.

Sasa nisikilize. Usiniandikie chochote kuhusu jambo hili, hata nusu mstari. Barua yoyote itakayonifikia mkononi ni ushahidi, na nina wajibu wa kuipeleka mezani. Nisichokipokea sikijui. Umenielewa? Wewe si mtoto mjinga.

Abdulsalam bado yuko huko, kwa hiyo hii nampa Muzdalifa, dada yake, anayesafiri kesho. Ukishaisoma ichome.

Mama


Guangzhou, 16 Aprili 2025

Mama,

Shikamoo. Abdulsalam anaondoka leo jioni, kwa hiyo naandika haraka kabla sijabadili mawazo. Nimeshabadili mara nne tangu asubuhi.

Kwenye barua iliyopita nilikudanganya. Rubani hayupo, Mama. Hajawahi kuwapo. Neno ni laoban. Ni Kichina, maana yake mwenye duka, bosi, tajiri. Waswahili wote hapa tunalitumia. Ukiingia dukani unaita laoban, ukitaka upunguziwe unaita laoban, hata mimi muuza tambi ananiita laoban ili ninunue bakuli la pili. Na meya si meya wa mji. Ni meyo, yaani hakuna, kimekwisha. Mtu kwenye ule ujumbe anasema kaki hii hakuna, labda ile iliyokoza. Makamanda sita mmemkamata dereva wa lori kwa sababu ya neno la kuita muuza duka.

Najua alichosema kwa sababu aliyekuwa anasema ni mimi.

Septemba mwaka jana mfanyabiashara mmoja wa Dar anayeitwa Zubeir alitafuta mkalimani. Visa yangu ni ya masomo, kazi hairuhusiwi, ndiyo maana sikukuambia. Nilikuwa naona raha tu, Mama. Darasani mimi ni yule Mwafrika anayeandika polepole. Sokoni watu wananingoja nifungue mdomo. Tukaenda Kangle, huko kwenye vichochoro vya mafundi, ambako mabosi wanajipanga barabarani na nguo ya mfano mkononi wakiita wafanyakazi wa siku. Zubeir alikuwa na picha ya shati kwenye simu, sehemu ya beji ameikata. Alisema ni kampuni ya ulinzi. Siku ya pili hakuja, akaniambia nimtumie ujumbe wa sauti nikiwa kwa fundi. Ndio huo.

Hapa ndipo pagumu kuandika. Ningeweza kukwambia sikujua. Kwenye barua yangu ya kwanza nilijaribu kukwambia hivyo kwa kumtumia fundi. Lakini mimi nimepiga pasi sare zako tangu darasa la nne. Najua ile kaki ikilowa inakuwaje na ikiungua inanukaje. Najua mkunjo wa mfuko wa kushoto, ndio ulionichoma kidole. Nilipoiona ile picha nilijua kabla sijajua kwamba najua. Nikamuuliza Zubeir mara moja, kaka, hii si ya polisi? Akacheka, akasema kampuni za ulinzi zinaiga kidogo, dada, usiwe mwoga. Nikaona haya kuitwa mwoga. Nikageuka nikamwita laoban.

Mzigo ulipita bandari ya Nansha mwezi wa Oktoba. Ulipoanza kuniandikia nilikwenda kumtafuta Zubeir kwenye chumba chake Xiaobei. Kimepangishwa Wakongo, hawamjui. Namba yake haipatikani. Nimeibakisha kwenye simu, nitawapa, pamoja na picha na jina la fundi.

Naogopa. Naogopa hapa na naogopa huko. Kila nikisikia buti kwenye ngazi za hosteli nakaa kitandani nimekumbatia begi. Namwogopa Zubeir, naiogopa polisi ya hapa, nakuogopa na wewe. Lakini yule utingo alimwuliza kitambulisho mtu aliyevaa shati nililolichagulia rangi mimi, na Wilbard yuko ndani kwa jina nililolitamka mimi. Mwachieni. Andika jina langu pale palipoandikwa sauti ya mwanamke.

Nisamehe, Mama. Kama haiwezekani, basi nisamehe baadaye.

Dainess Nikodemu


Guangzhou, 23 Aprili 2025

Mama,

Barua yako ya tarehe 15 nimeipata leo kwa Muzdalifa. Yangu iliondoka wiki iliyopita, bado hujaipokea au ndiyo unaishika sasa. Usiifungue. Ichome kama ulivyoniambia mimi nichome. Ulikuwa unajua! Tangu ile ya wino kukatika ulikuwa unajua, na mimi mpumbavu nikakuandikia kila kitu na saini juu. Watakufukuza kazi kwa ajili yangu.

Hapana. Usiichome. Dawa zake zimepatikana?

Sijui niandike nini. Nampa hii mtu yeyote anayeondoka leo.

D.


Nyumbani, 30 Aprili 2025

Mwanangu Dainess,

Kikaratasi chako kimefika leo, siku mbili baada ya kikao. Nakijibu hapo hapo nilipoketi.

Abdulsalam alinikabidhi bahasha yako tarehe 24. Sikuifungua. Ilikuwa nene, na mama hahitaji kufungua ili ajue. Niliiweka kwenye kabati la sare, nikaitoa, nikaipeleka jikoni, nikawasha jiko la gesi, nikalizima. Nilifanya hivyo siku nne mfululizo. Jambo lililonizuia si uaminifu, usinisifu. Siku ya nne mke wa Wilbard hakuja getini. Nilisimama dirishani hadi saa nne nikimngoja na bakuli lake, nikagundua nilikuwa nimezoea aje, yaani nimezoea mumewe awe ndani. Hilo lilinitisha kuliko bahasha.

Tarehe 28 tulikaa kupitisha mapendekezo. Afande Chacha alikuwa anasoma vifungu kwa sauti. Alipofika "kwa mkono, kwa mdomo au kwa simu," nilisimama, nikaweka bahasha mezani, nikamwomba aichane yeye ili wote waone ilikuwa imefungwa. Kisha nikaisoma mwenyewe, kuanzia shikamoo hadi jina. Nilipofika kwenye pasi nilikunywa maji, nikaendelea.

Halafu Afande Chacha akauliza, "Kamanda, umejua tangu lini?" Nikamwambia tangu ulipochezwa mara ya tatu. Akahesabu kwa vidole. Zaidi ya mwezi mzima, Dainess, nimekaa na sauti yako kichwani huku mume wa mtu akizungushwa. Kwenye barua yako unasema nikusamehe. Mimi nitamwomba nani?

Wilbard ameachiwa jana. Walimrudisha kwa gari la Afande Chacha hadi mbele ya nyumba yake, wakamfungulia mlango, na akakataa kushuka. Aliona sare akadhani amefikishwa mkoa wa saba. Mkewe ndiye aliyekuja kumshika mkono. Mguu mmoja una kidonda cha sukari, madaktari wanauangalia, hawajasema.

Namba ya Zubeir na jina la fundi vimesaidia. Siwezi kukwambia zaidi, kwa sababu tangu juzi siambiwi. Nimesimamishwa kazi, ofisi nimeikabidhi, sare nimeirudisha ikiwa imepigwa pasi na mimi mwenyewe, vibaya. Kamanda mmoja, kwa huruma, alipendekeza kile kifungu cha mdomo kiondolewe. Niliomba kibaki kwenye mapendekezo, na fomu ya kuhamisha mahabusu iongezwe mstari wa dawa. Hilo la pili wamelikubali. La kwanza wanalijadili bila mimi.

Wewe kwa sheria ya sasa ni shahidi, na pengine ni mshtakiwa. Ulipoandika "sijui" ulikuwa unadanganya. Mimi nikikwambia sijui, safari hii sijui kweli. Nenda ubalozini na barua hii, wana taarifa zako, watakuandalia safari. Usisubiri ufuatwe hosteli. Waage walimu wako vizuri.

Niliomba kitu kimoja tu, nije nikupokee uwanjani mimi. Wamekataa, na wangekubali ningewadharau. Kwa hiyo usinitafute kwa macho ukitoka. Nitakuwa nyumbani, nimekaa sebuleni, na mlango nitauacha wazi hata ichukue siku ngapi, hata kama wakikupitisha kwingine kwanza.

Atakayekupokea ni Afande Chacha. Atakuwa amevaa kiraia na atakuwa mkali, naye ana haki. Kwa sura hakujui. Mwamkie wewe kwanza. Sauti yako anaijua.

Mama yako,
Clementina